Yule bibi kizee wa Pather Panchali ni nani?

Ndugu, umeuliza kama yule bibi aliyepinda mgongo kwenye Pather Panchali, ile filamu ya Kihindi ya Satyajit Ray, ni mwanakijiji wa kawaida aliyeokotwa tu. Hapana, huyo ni Chunibala Devi, mwigizaji wa jukwaani wa Kolkata, na kwenye filamu alishaonekana miaka ya 1930. Baadaye akasahaulika kabisa, mpaka mwongozaji Ray alipomfuata nyumbani akiwa na miaka karibu 80. Ray alitaka kujua kama kumbukumbu yake bado iko sawa, akamwomba aghani wimbo wa watoto. Bibi akaghani beti nyingi kuliko alizozijua Ray mwenyewe! Malipo yake yalikuwa rupia 20 kwa siku.

Hebu rudia pale anapokula wali: vidole vinavyokanda tonge polepole, Durga, yule msichana wa kwenye filamu, kakaa pembeni anamkodolea macho. Hapo hakuna maneno, lakini uzoefu wote wa jukwaa unauona. Na ule wimbo anaouimba usiku ni sauti yake mwenyewe.

Alifariki 1955, filamu ikiwa bado haijaonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Nashukuru sana kwamba Ray aliwahi kumpelekea nyumbani akaitazama.