MBA pamoja na shahada ya mazingira: miaka 3, si 4

Mkuu, kama wewe ni meneja wa hifadhi na unataka kusoma MBA (uzamili wa biashara) pamoja na uzamili wa mazingira, ni miaka 3, na unatoka na shahada mbili kamili. Vyuo vikuu vya Marekani vya Yale, Duke na Michigan vyote vina mpango huo: MBA upande mmoja, uzamili wa mazingira upande wa pili. Mwaka mmoja unapungua kwa kuwa baadhi ya masomo yanahesabiwa kote kuwili.

Wengi hukwama kwenye maombi. Unaomba shule mbili za chuo kilekile, ya biashara na ya mazingira, kila moja kivyake, na kukubaliwa na moja hakukupi nafasi kwenye nyingine. Yale unaweza kuanza na moja, ukaomba ya pili ukiwa mwaka wa kwanza.

Tafadhali usipeleke insha ileile kote. Shule ya biashara inataka kuona umeshika bajeti na watu: mapato ya getini, mishahara ya askari wa wanyamapori, mkataba na mwenye kambi ya watalii. Hayo meneja wa hifadhi anayo tele, ila huyaficha chini ya orodha ya spishi.

Barua ya ufadhili nayo isome mwaka kwa mwaka. Ikigharamia miaka 2 tu, wa tatu ni juu yako.