Uliza Shangazi: "Nimeambiwa niende ustawi, huko ni wapi?"

Haya wapendwa, safari hii meseji nyingi ni za ustawi wa jamii, nimechagua nne maana zingine zote ni hizohizo zimevaa nguo tofauti. Kwa wageni wa ukurasa huu, kabla sijastaafu nilikuwa afisa ustawi wa halmashauri, miaka mingi tu, kwa hiyo leo niko jikoni kwangu.

Shikamoo shangazi. Nipo Mbagala, nina watoto wawili, mkubwa 6 mdogo 2. Baba yao fundi rangi, kaondoka tangu mwaka jana, hela ya matumizi hatoi, nikimpigia anasema akipata atatuma. Jirani kaniambia nenda ustawi ila naogopa, nasikia wanachukua watoto, halafu hatukufunga ndoa. Na si kule ni kwa ombaomba?

Marahaba mwanangu. Toa hilo la ombaomba kwanza. Ustawi ni ofisi ya serikali kama ilivyo ardhi au afya, afisa analipwa mshahara ili akusikilize wewe, na huduma haina malipo, mtu akikuambia "ya karatasi" au "ya maji" mwambie akuandikie risiti uone atakavyogeuka kutafuta miwani.

Kuhusu ndoa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwangalia mtoto, haiulizi kama mlipiga picha na keki. Zamani ndio ilikuwa balaa, ile sheria iliyofutwa na hii ya 2009 ilikuwa imeweka matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa shilingi 100 kwa mwezi, mia moja, hela ya kiberiti, na wanawake walikuwa wanapanda basi kuifuata mahakamani. Siku hizi kinachoangaliwa ni mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi wote wawili, na wewe ukiwemo, usishangae ukiulizwa unauza nini.

Sasa inavyokwenda. Unaanzia serikali ya mtaa wako, unachukua barua, unaenda nayo ofisi ya ustawi ya kata au manispaa ukiwa na cheti cha kuzaliwa au hata kadi ya kliniki, namba ya simu ya baba na mahali anakofanyia kazi, hili la mwisho usilidharau maana bila kujua alipo, ile barua ya wito inabaki kwenye droo. Akiitwa mnakaa watatu, wewe, yeye na afisa. Mimi nilikuwa nafanya hivi: baba akishasema "afisa mimi sina hela" sibishani naye, nampa peni na karatasi namwambia haya andika watoto wako wanakula nini kesho, aanze asubuhi. Anaandika uji, sukari, mkaa. Namuuliza sabuni je, anaongeza sabuni. Daftari? Nauli ya shule? Dawa ya mafua? Kuna mmoja alifika katikati ya karatasi akaweka peni chini, simu yake kubwa ikawa inaita mezani haipokei, akauliza kwa sauti ndogo, "sasa huyu mama amekuwa anavipata wapi hivi vyote?" Yule hakurudi tena kwangu kwa kesi, alikuwa anatuma kila Ijumaa.

Wote hawako hivyo, sikudanganyi. Mkikubaliana mnaandika na mnasaini, na mwambie atume kwa simu ili meseji ibaki, hela ya mkononi haina ushahidi. Akivunja, au akigoma kuja kabisa, jambo linaenda mahakama ya watoto na afisa ustawi anaandika ripoti ya uchunguzi wa familia ambayo hakimu anaisoma kabla hajaamua. Akikana watoto kuna kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ila huendi tu mwenyewe kama unaenda kupima presha, unapitia ustawi, wakili au mahakama.

Na kuchukuliwa watoto, hapana. Kumtoa mtoto nyumbani ni hatua ya mwisho, ni pale anapopigwa, anaponyanyaswa au kutelekezwa, na umaskini peke yake sio kosa. Tena Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza kwa kudhani mtoto chini ya miaka 7 akae na mama yake, dhana inaweza kupingwa lakini mwenye mzigo wa kupinga ni yeye sio wewe. Nenda Jumatatu asubuhi.

Shangazi, bibi yangu ana miaka 68, tulimpeleka hospitali wakatuambia tulipie vipimo. Si wazee ni bure?

Ni bure ila kuna neno dogo watu wanaliruka. Sera ya wazee ya 2003 inasema mzee ni kuanzia miaka 60, lakini msamaha wa matibabu ni kwa mzee ASIYEJIWEZA, na mtu wa kusema hajiwezi sio wewe wala karani wa dirishani, ni ustawi. Kwa hiyo mtafutie bibi kitambulisho cha matibabu cha wazee, kinatolewa na halmashauri, mnaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kama bado hana na ameshaumwa, hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi humohumo ndani, mwendeeni SIKU YA KWANZA na barua ya mtendaji. Kosa ninaloliona kila leo ni familia kukaa kimya wiki mbili, wanachangishana, wanauza mbuzi, halafu siku ya kuruhusiwa bili imefika huko ndio wanauliza ustawi iko wapi. Na akipewa rufaa hakikisheni ule msamaha umeandikwa kwenye karatasi zake, kule anakoenda hawamjui. Dawa ikiwa imeisha kwenye duka la hospitali hapo sina la kukuambia, msamaha hauzalishi dawa.

Kwetu kuna mama ana nyumba ya bati na anapata hela za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, sisi wa nyasi hatupati. Ni rushwa?

Inawezekana ni rushwa, na inawezekana pia lile bati kalinunua kwa hela hizohizo za TASAF, nimeona wengi, wanaweka kidogokidogo kila malipo mpaka nyumba inabadilika. Majina ya kaya maskini yanaanzia mkutano wa hadhara wa kijiji, ndipo wanakuja watu na dodoso wanauliza mnalala wangapi, mnakula mara ngapi. Ulikuwepo kwenye mkutano? Wengi huwa hawapo, wanasema mikutano ni ya wazee na wanasiasa. Kama unaona hapana haki nenda kwa mtendaji, ukikwama nenda kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, upeleke kwa maandishi.

Zanzibar wao wana kitu kingine juu ya hicho, Pensheni Jamii, tangu 2016, ukifika miaka 70 unalipwa uwe na bati au huna, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi ikapanda hadi 50,000. Mimi mfumo ule naupenda, haumlazimishi mzee asimame mbele ya majirani athibitishe njaa yake.

Nimemaliza kidato cha sita, nataka kusomea ustawi. Je ni sawa na maendeleo ya jamii?

Hapana, ingawa ofisi mara nyingi zimepakana mlango na watu wanaingia kote kote. Maendeleo ya jamii ni vikundi, ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, kazi yao ni kundi. Wewe wa ustawi kazi yako ni mtu mmoja na shida yake: mtoto, mzee, mgonjwa, ndoa inayovunjika saa nne usiku huku simu yako inaita. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya 1973, anzia hapo kuulizia sifa za kujiunga. Ukienda fildi beba kauntabuku nene, na peni mbili, moja ya kwako na nyingine ya kumpa baba wa watoto.