Kwa Nini Mbegu Hazikuota? Majibu ya Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mbegu na Miche

Msimu wa kupanda unapoanza, barua nyingi tunazopokea zinahusu mbegu zilizotiwa ardhini zisionekane tena. Tumechagua tano zinazowakilisha nyingine, na tumezifupisha kidogo bila kubadili maana.

SWALI: Nimelima mahindi katika shamba la mteremko karibu na Mto Mkondoa. Mbegu zote zilitoka katika mfuko mmoja na nilizipanda siku moja. Usiku wa pili ilinyesha mvua kubwa, maji yakatuama bondeni kwa muda wa siku nne hivi. Huku juu mahindi yameota vizuri, lakini kule bondeni sioni kitu. Jirani ananiambia kwamba nimeuziwa mbegu mbovu. Je, ni kweli? (Msomaji wa Kilosa, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa hasara hiyo. Kwa kuwa mbegu za mfuko huohuo zimeota mahali pakavu, hakuna sababu ya kumlaumu aliyekuuzia. Mbegu zako za bondeni zimekufa kwa kukosa hewa, na jambo hili linastahili maelezo marefu, kwa sababu wakulima wengi huamini kwamba mbegu ikishapata maji imepata kila kitu.

Mbegu kavu ni kiumbe hai ambacho shughuli zake zimepungua hadi kukaribia kusimama. Ndani ya punje ya mahindi mna kiinitete, ambacho ni mmea mchanga wenye mwanzo wa mzizi na mwanzo wa jani, na kando yake mna akiba ya chakula, sehemu kubwa ikiwa ni wanga. Punje inapozikwa katika udongo wenye unyevu hufyonza maji hadi yafikie takribani theluthi moja ya uzito wake. Soya huhitaji zaidi, karibu nusu. Maji hayo huamsha vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo inayokipa kiinitete nguvu ya kusukuma mzizi chini na jani juu. Hata hivyo, ili sukari itoe nguvu ya kutosha, lazima itumiwe pamoja na oksijeni. Kwa maneno mengine, mbegu inayoota inapumua, na inapumua kwa kasi kuliko wakati wowote ilipokuwa ghalani.

Oksijeni hiyo hupatikana katika matundu madogo yaliyo kati ya chembechembe za udongo. Maji yakituama, matundu hujaa maji, na oksijeni hupenya ndani ya maji polepole sana, takribani mara 10,000 polepole kuliko inavyopenya hewani. Ile kidogo iliyobaki humalizwa na vijidudu vya udongo katika muda wa siku moja au mbili. Hapo mbegu hulazimika kuchachusha sukari yake bila hewa, jambo linalotoa nguvu kidogo mno na kuacha kileo ndani ya punje, na baada ya siku chache katika udongo wenye joto kiinitete hufa. Mpunga ni tofauti: unaweza kuanza kuota chini ya maji kwa kurefusha haraka ile ala inayofunika jani la kwanza mpaka ifikie hewa, na mzizi wake hukua vizuri baadaye. Mahindi, maharage na kunde havina uwezo huo.

Hitaji la tatu ni joto. Mahindi hayaoti ipasavyo udongo ukiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na huota kwa kasi kati ya nyuzi 25 na 30. Kwa Kilosa hilo si tatizo, ila msomaji wa Makete au Limuru asishangae mahindi yake yakichukua siku kumi au zaidi kujitokeza.

Kabla ya kurudia kupanda, chimbua mashimo kadhaa uone kilichomo, kwa maana mbegu iliyoshindwa huacha ushahidi. Punje iliyolainika na kunuka imekosa hewa ikaoza. Punje iliyo ngumu na kavu haijapata maji, na huenda bado ni nzima. Ukikuta chipukizi limejikunja chini ya tabaka gumu la udongo, basi mvua imefuatwa na jua kali, udongo ukaganda juu, na mmea umeshindwa kutoboa. Maharage huumia zaidi hapo, kwa sababu huinua mbegu nzima juu ya shingo yao laini, ilhali mahindi hutoboa kwa ncha iliyochongoka. Punje yenye tundu imeliwa na wadudu, na shimo tupu ni kazi ya panya, ndege au ngedere. Kule bondeni chimba mifereji ya kutoa maji, inua matuta, na upande juu ya tuta. Usiongeze kina kwa kudhani kwamba utailinda mbegu: sentimita tano zinatosha kwa mahindi.

SWALI: Wanafunzi wangu walipanda maharage katika makopo mawili. Moja tuliliweka dirishani, la pili tukalifungia kabatini. Baada ya siku kumi maharage ya kabatini yalikuwa marefu zaidi, na sasa darasa zima linasema kwamba mmea hauhitaji mwanga. Niwaeleze nini? (Mwalimu wa shule ya msingi, Voi)

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameona sawasawa, na tunawapongeza kwa kuamini walichokiona. Kilichobaki ni kuwaongoza wapime kitu kingine zaidi ya urefu. Mbegu ya harage haihitaji mwanga ili iote, kwa kuwa chakula cha mwanzo imekibeba yenyewe katika yale mapande mawili mazito. Mmea uliozaliwa gizani hutumia akiba hiyo karibu yote kurefusha shina, kwa sababu kwa kawaida giza lina maana kwamba bado uko chini ya udongo na haujafika juu. Majani hubaki madogo na ya manjano, kwani klorofili ya maharage, yaani ile rangi ya kijani ya majani, haitengenezwi bila mwanga.

Waambie wang'oe mimea michache ya kila kopo, waioshe, waianike mpaka ikauke kabisa, kisha waipime kwa mizani nyepesi. Ile ya kabatini, pamoja na urefu wake, itakuwa nyepesi kuliko hata mbegu kavu walizoanza nazo, kwa kuwa imekuwa ikiteketeza akiba bila kuongeza chochote. Ile ya dirishani, ikipewa wiki mbili tatu za mwanga mzuri, itakuwa nzito zaidi ya mbegu zake. Mimea iliyobaki waiache iendelee: ya kabatini itaanguka na kufa akiba ikiisha.

Watakuuliza uzito huo mpya umetoka wapi, nao wengi watajibu kwamba umetoka udongoni. Wasimulie jaribio la Jan Baptist van Helmont, mwanasayansi wa Brussels, ambalo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648. Alipanda mche wa mti katika chungu chenye udongo mkavu wa takribani kilo 90, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua gramu 60 tu au chini ya hapo. Yeye alihitimisha kwamba mti umeundwa kwa maji. Leo tunajua kwamba alikosa nusu ya jibu: mmea huchukua hewa ya ukaa kupitia majani, huiunganisha na maji kwa nguvu ya mwanga, na hapo ndipo sehemu kubwa ya mwili wake inapotoka. Tunaliona jambo hili kuwa la ajabu kuliko mengi yanayofundishwa katika somo la sayansi, na ni vyema mtoto alisikie mapema.

Zipo, hata hivyo, mbegu zinazodai mwanga ili ziote, na nyingi ni ndogo sana, zenye akiba isiyoweza kulisha chipukizi kutoka kina kirefu. Tumbaku ni mojawapo, na saladi vilevile. Mwaka 1952 watafiti wa Beltsville, Maryland, nchini Marekani, walionyesha kwamba mbegu za saladi huamshwa na mwanga mwekundu, na kwamba mwanga ulio mbali zaidi upande wa wekundu, ambao jicho la binadamu halioni vizuri, huzirudisha usingizini. Walipobadilishana aina hizo mbili mara nyingi, mbegu zilifuata ile ya mwisho. Magugu mengi yana tabia inayofanana na hiyo, ndiyo maana jembe la palizi, linapofunua udongo, huita magugu mapya.

SWALI: Je, nikiweka mbolea ya DAP shimoni pamoja na mbegu, si itaota haraka zaidi? (Mkulima wa Mbozi)

JIBU: Hapana. Mbegu haihitaji mbolea ili iote, na chumvi za mbolea zikiigusa huzuia maji yasiingie ndani yake na huweza kuunguza mzizi mchanga. Weka mbolea chini au kando, kisha fukia kwa udongo wa sentimita kama tano kabla ya kuweka mbegu. Urea ikae mbali zaidi, kwa sababu hutoa amonia inayoua chipukizi.

SWALI: Kikundi chetu cha upandaji miti kilikusanya mbegu za mgunga, mkwaju na mwarobaini. Tulizianika zote juani, tukazihifadhi miezi sita, kisha tukazisia kitaluni na kuzimwagilia kila siku. Mgunga na mkwaju imeota michache tu, na mwarobaini haukuota hata mmoja. Tumekosea wapi? (Kikundi cha wanawake, Dodoma)

JIBU: Akina mama, mmezitendea kwa njia moja mbegu zenye tabia mbili zinazopingana. Mgunga na mkwaju zina ganda gumu ambalo maji hayalipenyi kwa urahisi. Porini ganda hilo hulainishwa na tumbo la mnyama aliyekula tunda, au hukwaruzwa na mchanga kwa miaka. Mbegu za namna hii huweza kukaa kavu kwa muda mrefu zikiwa hai, na ninyi mnaweza kuzikuta nzima bado humo kitaluni. Kwa mzigo mliobaki nao, chemsheni maji, yaepueni motoni, mimineni mbegu ndani yake, na mziache humo mpaka maji yapoe na mbegu zilale usiku kucha. Zitakazovimba ziko tayari kusiwa. Zisizovimba zikwaruzeni kidogo kwa msasa, au zikateni kijisehemu cha ganda upande ulio mbali na kile kijicho zilipounganika na tunda, ili msijeruhi kiinitete. Msizichemshe mbegu zikiwa motoni.

Mwarobaini ni kinyume chake. Uhai wa mbegu zake ni mfupi, na katika hifadhi ya kawaida nyingi hufa kabla ya miezi michache kwisha. Tunda likiiva, toeni nyama, osheni mbegu, zikausheni kivulini kwa siku chache tu, kisha sieni mapema. Embe, fenesi, parachichi na kakao ni dhaifu zaidi katika hili: mbegu zake zikikauka zimekufa, na hakuna maji yatakayozirudisha. Basi kila mnapokusanya mbegu ya mti msioufahamu, ulizeni kwanza iko katika kundi lipi. Tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba mbegu za mtende zilizopatikana katika magofu ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, zilikaa takribani miaka 2,000 katika ukavu wa jangwa, na moja iliyopandwa mwaka 2005 ikaota.

Usingizi wa mbegu una faida kwa mmea hata pale unapomuudhi mkulima. Wasomaji wetu wa Kanda ya Ziwa wanakifahamu kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi na akiba yake ni ya siku chache tu, hivyo hulala udongoni kwa miaka mingi, na hata ikipata maji na joto haioti mpaka ipokee kemikali inayotolewa na mzizi wa mmea unaoweza kuilisha. Kwa bahati njema, baadhi ya mimea, kama desmodiamu, hutoa kemikali zinazoiamsha mbegu hiyo na nyingine zinazozuia mzizi wake usishike, kwa hiyo hufa njaa. Wanaochanganya desmodiamu na mahindi hupunguza kiduha mwaka hadi mwaka.

SWALI: Nimehifadhi mbegu zangu za mahindi ya kienyeji tangu msimu uliopita. Nitajuaje kama zitaota kabla sijazitawanya shambani? (Msomaji wa Bungoma)

JIBU: Hesabu punje 100 bila kuchagua zilizo nzuri, kwa maana ukichagua utajidanganya. Zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholowekwa na kukamuliwa, kizungushe, kisha kiweke mahali penye joto la kawaida la nyumbani. Kinyunyizie maji kinapoelekea kukauka, lakini kisichuruzike. Siku ya saba fungua uhesabu zile zenye mzizi na chipukizi vyote viwili. Zenye kimoja tu usizihesabu. Ukipata 90 au zaidi, panda kama kawaida. Ukipata 75, ongeza mbegu kwa kiasi cha theluthi moja, na ufahamu kwamba hata zilizoota kitambaani baadhi zitashindwa shambani, ambako udongo si mwororo kiasi hicho. Zikiwa chini ya 60, saga unga na utafute mbegu nyingine, mradi hazikutiwa dawa ya kuhifadhia isiyofaa kuliwa.

Kwa msimu ujao, kausha mbegu mpaka punje ipasuke kwa sauti ukiitafuna, uifunge katika chombo kisichopitisha hewa, na uiweke mahali penye baridi na kivuli. Kwa kanuni inayotumiwa sana na watunza mbegu, kila asilimia moja ya unyevu inayopunguzwa katika mbegu kavu huzidisha umri wake karibu mara mbili. Mbegu yenye unyevu ikifungwa hivyo hufa upesi, kwa hiyo kukausha kutangulie kufunga. Desturi ya kutundika mahindi yakiwa kwenye magunzi darini juu ya jiko ni nzuri kwa kuwa moshi hufukuza fukusi, ila yasikaribie mno moto, kwa sababu joto kali huua kiinitete huku punje ikibaki na sura nzuri.