Mwandishi wa Tarzan alifikaga kwetu?

SWALI: Jambo Yaya, minaomba unisaidie. Nilipata ku soko ya Kadutu kitabu ya zamani ya Tarzan, ya kifaransa, hata ganda haina. Ndani simba wanatembea katikati ya pori nzito, nyani kubwa inabeba mwanamuke muzungu inaruka naye mitini. Baba yangu amekomalia karibu na mlima Kahuzi, hajaonaga simba ata siku moja. Huyo mwandishi alifikaga Congo ao alitudanganya tu? (Msomaji, Kadutu)

JIBU: Mudogo wangu, hakufikaga. Edgar Rice Burroughs alizaliwa Chicago mwaka 1875 na Afrika hakuikanyaga, hadithi ikatoka Oktoba 1912 katika gazeti la All-Story wakamlipa dola 700, na magazeti yale yalichapwa kwenye karatasi ya bei ya chini kabisa, ile inageuka njano upesi, watu walinunua wapate kutetemeka kidogo basi. Simba ungewatafuta kwenye majani ya Rwindi, ndani ya parki ya Virunga, si Kahuzi. Na huko mwanzo aliweka mpaka tigre (chui milia) jina lake Sabor, nyama ya Asia! Wasomaji wakapiga kelele, kitabu kilipotoka 1914 yule Sabor akageuka simba jike.

Kuhusu nyani kuteka wanawake, panda siku moja Tshivanga, kwenye parki ya Kahuzi-Biega, uone gorila dume mwenye mgongo mweupe, anakaa kitako na tumbo yake kubwa, anamenya machipukizi ya mianzi, anatafuna, anakuangalia kidogo, anaendelea kutafuna. Hana haja na bibi ya mtu.

Lakini kuna kipande kimoja ambacho mimi nilikisoma mara mbili. Wale watu weusi wa kijiji cha Mbonga ndani ya kitabu, Burroughs anaandika kwamba walikimbia Congo shauri ya ukatili wa maofisa wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, mambo ya kaucho (mpira) na pembe za tembo, na Leopold mwenyewe anamwita mnafiki mkubwa. Hiyo ni miaka 4 tu tangu mfalme anyang'anywe nchi! Sasa kinachoniudhi, watu haohao waliokimbia anawafanya watu wanaokula watu, na shujaa wake Tarzan anawanyonga kwa kamba toka juu ya mti, eti tushangilie. Mimi sikushangilia. Kama kurasa hazijaanguka, tafuta pale wanamfunga D'Arnot, yule ofisa Mfaransa, jina la Leopold liko hapo.