Je, taa ya bomani itaokoa kondoo wangu wa Mau Narok?

SWALI: Daktari, hujambo. Nafuga kondoo aina ya Corriedale huku Mau Narok. Nimesoma kwamba urefu wa mchana hubadilisha homoni za kondoo na kushusha kinga yao. Majike wangu hudhoofika kila wakizaa, na wengine huvimba chini ya taya. Nikiwasha taa bomani usiku, watapata nafuu?

JIBU: Sijambo. Taa haitakusaidia, labda kumfukuza fisi. Ulichosoma ni kweli, ila ni habari za kondoo wa mbali. Kule Edinburgh, Uskoti, mchana wa Desemba ni wa saa 7 hivi, na wa Juni hupita saa 17. Jicho la kondoo hupeleka habari za mwanga ubongoni, zikafika kwenye tezi ndogo, pinea, inayotoa melatonini wakati wa giza. Usiku ukirefuka, melatonini hukaa muda mrefu zaidi katika damu. Prolaktini, homoni ya maziwa, hushuka, na majike huanza kutaka dume ili wazae miezi 5 baadaye, majani yakichipua. Chembe za kinga nazo zina vipokezi vya homoni hizi mbili, kwa hiyo misimu huzigusa pia. Ulaya kuna wafugaji wanaowapachika majike melatonini chini ya ngozi, nyuma ya sikio, ili wapandwe mapema.

Kwako, karibu na ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kuliko yote haifiki dakika 10. Kondoo hana cha kusoma hapo. Kinachozitikisa homoni zake ni mimba. Karibu na kuzaa, prolaktini na kotisoli, homoni ya msongo, hupanda, na protini aliyo nayo huenda kwanza kwa mtoto na maziwa. Kinga hubaki na makombo. Minyoo iliyokuwa imebanwa tumboni hupata nafasi, mayai huongezeka kwenye kinyesi, na kama mvua za Machi hadi Mei zimeanza, malisho hujaa viluwiluwi vya minyoo, wana-kondoo wakavila.

Mshukiwa wangu mkuu ni minyoo inayonyonya damu, Haemonchus. Vuta kope la chini la jicho: ndani kukiwa na wekundu mzuri, sawa, kukiwa kweupe, damu imepungua na mnyama huyo hafai kungoja. Lakini usinunue dawa kabla ya kupeleka kinyesi kibichi maabara, kwa sababu huko kwenu kwenye maji maji minyoo ya ini nayo huvimbisha taya, na si kila dawa huiua. Albendazoli, dawa ya minyoo, usimpe jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba. Inaweza kudhuru kijusi.

Kwenye chakula ndiko ningetia pesa ya hiyo taa. Wiki 6 za mwisho za mimba ndizo mtoto huongeza sehemu kubwa ya uzito wake, na huo ndio wakati wa lusini au mashudu ya alizeti, si nyasi kavu pekee. Jike aliyepata protini ya kutosha hutoa mayai machache ya minyoo baada ya kuzaa. Na kwa kuwa mwanga wa huku haumfungi kondoo kwa msimu, tarehe ya kupandisha ni yako: dume akiingizwa Julai, utapokea wana-kondoo Desemba, mvua kubwa zikiwa bado.