Kuchagua vikinga masikio vya kielektroniki: kwa mnaoanza kulenga shabaha Nakuru

Wanaokuja kujifunza shabaha kwetu Nakuru huuliza kwanza habari za bastola, kisha leseni, kisha bei ya risasi. Masikio huja mwisho, na mara nyingi kwa swali lile lile: "Hivi vya kielektroniki huwa vinazima mlio?" Havizimi. Kinachozuia mlio ni kikombe chenyewe, sponji iliyo ndani yake na ule mto unaoshika ngozi kuzunguka sikio. Maikrofoni, spika na betri zina kazi nyingine, nayo ni kukuwezesha kusikia watu. Shika hilo kabla hujatoa pesa, maana wauzaji husifia zaidi vile vitufe kuliko kikombe.

Bunduki ya .22 hufikisha karibu desibeli 140 kwenye sikio la anayefyatua. Bastola ya milimita 9 hufika kwenye 160. Usidhani hizo 20 katikati ni kidogo: kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huzidi mara kumi, kwa hiyo ya pili ina nguvu mara mia ya ile ya kwanza. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kudhibiti kelele kazini zinakataza mfanyakazi kufikiwa na kishindo kinachopita 140, hata kwa nukta moja. Wewe utafyatua risasi 50 kabla ya chakula cha mchana, na jirani yako pia.

Ndani ya kila sikio kuna chembe kama 15,000 zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, pale kwenye hezi 4,000. Ndiyo maana mtu aliyeumia husema anasikia vizuri tu, na kweli radi anaisikia na honi ya matatu anaisikia, ila mjukuu akiongea kutoka jikoni anaitikia "Ee?" kila mara. Wanaotumia bunduki ndefu kwa bega la kulia huumia kwanza sikio la kushoto, kwa kuwa ndilo lililoelekea mtutu. La kulia hukingwa kidogo na kichwa.

Sasa, kuchagua. Anza na kukaa kwake kichwani. Vaa kikinga dukani, na ukivae pamoja na miwani utakayotumia renji, yaani kwenye uwanja wa shabaha. Hapo ndipo wengi huharibu. Mkono mnene wa miwani huinua mto na kuacha upenyo mdogo mbele na nyuma ya sikio, na mlio huingia hapo, kama mvuke unavyotoka kwenye sufuria ya githeri iliyofunikwa mwiko ukiwa ndani. Kuna mama mmoja, mwalimu wa shule, aliyelalamika kwamba kikinga chake kipya hakifai. Nilimwomba ageuke, nikapitisha ncha ya kidole chini ya mto pale penye miwani, kikaingia bila kusukuma. "Mama, kifaa ni kizuri, miwani ndiyo inafungua mlango." Alipobadilisha akavaa miwani ya kinga yenye mikono myembamba, tofauti aliisikia kwa risasi ya kwanza. Mito ya jeli huwa laini kuliko ya sponji na huifuata mikono ya miwani vizuri zaidi, na ni ya kununua ukiweza. Kitambaa, kofia ya sufu na nywele nene zilizosukwa kupita juu ya sikio nazo huleta shida hiyo hiyo. Mto ushike ngozi yenyewe.

Baada ya hapo soma namba inayoonyesha kifaa hupunguza desibeli ngapi. Vifaa vya Marekani huandikwa NRR, vya Ulaya huandikwa SNR, na kifaa kimoja kinaweza kuwa na zote mbili ile ya Ulaya ikiwa kubwa zaidi, kwa hiyo usilinganishe NRR ya hiki na SNR ya kile. Kwenye boksi tafuta pia kipimo kilichotumika: ANSI S3.19 au EN 352. Boksi likisema tu "hupunguza kelele" bila namba yoyote, lirudishe kwenye rafu, hata kama bei inavutia. Hedifoni za muziki zinazofuta kelele nazo si kinga: zimetengenezwa kwa ajili ya mvumo wa ndege na mabasi, na kishindo cha risasi hupita. Pamba sikioni haisaidii. Ganda la risasi sikioni, ambalo wazee wengine bado hulitumia, ni la kutupa.

Namba hiyo hupatikana maabara, kwenye vichwa vilivyovalishwa na wataalamu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilishauri mwaka 1998 uipunguze robo kwa vikinga vya kikombe, na nusu kwa vizibo vya sponji. Chukua Howard Leight Impact Sport, ambayo utaiona kwenye renji nyingi: NRR 22. Toa robo, zinabaki kama 16. Bastola ya 160 ukitoa 16 unapata 144, na bado umepita mpaka wa 140. Hesabu hii ni ya haraka, na mlio wa risasi una mambo yake, lakini inatosha kukuonyesha kwamba kwa bastola na bunduki kubwa kikinga kimoja si cha kutegemea. Vaa vizibo vya sponji ndani, kikombe juu. Usitarajie namba zijumlike. Cha pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi. Hizo 5 ni za maana sana, hasa chini ya paa la mabati ambako mlio hukurudia.

Kizibo nacho kina namna yake. Kisokote kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kijae. Kikichungulia nje kama kitufe, hakijaingia. Kitoe uanze upya.

Na hapa ndipo umeme unapolipa. Ukiwa na vizibo ndani, ongeza sauti ya kikinga na utanisikia vizuri. Kwa mwanafunzi mpya naona ni lazima, na sababu ni kitu kinachotokea karibu kila darasa la watu wenye vikinga vya kawaida: natoa maelekezo, mtu hajasikia, kidole gumba kinainua kikombe kimoja, "Umesema nini, mwalimu?", na wakati huo huo jirani wa njia ya pili anafyatua. Sikio lilikuwa wazi kwa sekunde moja tu, na risasi haihitaji hata hiyo sekunde. Mwenye kifaa cha kielektroniki hana haja ya kuinua chochote. Pia anasikia amri ya kusitisha mara ya kwanza inapotolewa, na hilo ni la usalama wa wote waliopo.

Ukivijaribu, sikiliza mambo mawili. Piga makofi karibu na maikrofoni huku mtu akiongea. Vifaa duni hukata kila kitu kwa muda kisha hurudi, na mstari ukijaa wafyatuaji utapoteza nusu ya maneno. Vilivyo vizuri hushusha tu kishindo mpaka kwenye desibeli 82 au 85, na mazungumzo yanaendelea. Kisha fumba macho, muuzaji azunguke akikuita. Usipojua yuko upande gani, kifaa hicho hakina maikrofoni mbili zinazofanya kazi kila moja kivyake, na renji unahitaji kujua sauti imetoka wapi. Bluetooth acha. Simu haina kazi kwenye mstari.

Unene wa kikombe utaamua kulingana na silaha. Peltor Tactical 500 ina NRR 26 na kikombe kinene, na kwa bastola ni nzuri. Kwa bunduki ndefu kikombe kinene hugonga kitako shavu linapolala, mto unainuka, na zile namba za ziada zinakwisha hapo hapo. Anayefyatua bunduki achukue kikombe chembamba, avae na vizibo.

Utunzaji hauna mengi. Toa mawe, yaani betri, ukimaliza, yasije yakavujia ndani, na uwe na mawili ya akiba mfukoni. Yakiisha katikati ya zoezi usivue, kinga ya kikombe ipo pale pale. Futa jasho. Usiache kifaa kwenye dashibodi ya gari juani. Mto ukianza kuwa mgumu au kupasuka badilisha, na kabla ya kununua hakikisha mito ya akiba ya kifaa hicho inapatikana. Anayefanya kazi kwenye mashine za mbao kule Elburgon au kwenye kinu cha sukari anaweza kutumia kikinga hicho hicho kazini, ila mashine inayonguruma mfululizo huifanya spika ikuchoshe, basi zima umeme ubaki na kikombe.

Mwisho, kabla ya siku yako ya kwanza nenda ukapimwe usikivu kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, uhifadhi ile karatasi. Kila mwaka pima tena, mlinganishe na daktari. Masikio yakivuma au yakiziba baada ya mazoezi, weka silaha chini siku hiyo. Yasipotulia kufikia kesho yake, au upande mmoja ukizima ghafla, usingoje wiki ipite: daktari ana matibabu ya kujaribu, na hufaa zaidi yakianza mapema.