Brauza inapotea ghafla, nimepata virusi?

SWALI: Habari kaka fundi. Nina steshenari yangu Ngamiani hapa Tanga, kompyuta moja tu ya RAM giga 2, natumia Ubuntu. Mteja akileta flashi ina mapicha makubwa na mimi nimefungua brauza namjazia mwingine fomu, mashine inaganda, taa ya diski inawaka tu, halafu brauza inapotea na fomu yote imeenda. Hakuna hata ujumbe. Ni virusi?

JIBU: Pole sana dada, fomu ya mtu inauma maana yeye ndo kapanga foleni. Sio virusi, hiyo Linux yenyewe (Ubuntu yako ni aina ya Linux) ndo imeiua brauza.

Iko hivi, programu ikiomba memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi kwenye RAM, Linux kwa kawaida inakubali hata kama RAM yote haitatosha, sababu programu nyingi zinaomba kingi zinatumia kidogo. Ni kama kijumbe wa upatu anawaambia watu watano "hela yako ipo" akitegemea hawatakuja siku moja. Sasa wakija wote? Kwanza inahamishia vitu kwenye swapu, yaani kipande cha diski, na diski ni taratibu mno kuliko RAM, ndo maana inaganda na taa haizimi, vitu vinapanda vinashuka tu. Swapu nayo ikijaa, keneli, yaani kiini cha Linux, inazipigia hesabu programu zote, inayokula memori kubwa ndo inapata alama nyingi na inauliwa hapohapo, haiulizwi kama ime-sevu. Kwako ni brauza. Kuhakikisha fungua teminali andika sudo dmesg, tafuta maneno "Killed process", utaikuta imetajwa jina.

Windows yenyewe haiahidi kupita RAM ukijumlisha na faili lake la diski, ikifika mwisho inakataa, na programu nyingi zikikataliwa zinaanguka, kwahiyo kuhama hakukusaidii.

Kuna alama inaitwa oom_score_adj, inaanzia -1000 mpaka 1000, ukiipa programu -1000 haiguswi kabisa. Tafadhali usiipe brauza hiyo, mzigo utabaki palepale na itauliwa nyingine, pengine ile unayoandikia barua za watu. Weka zram, inabana vitu ndani ya RAM kabla havijaenda diski, na ukipata hela ongeza RAM zifike giga 4 au 8. Kwa leo, mapicha yafungue fomu ikishatumwa.